KIJANA WETU NA SOMO LA MAGEUZI

 

Katika toleo hili tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo limetujia mara nyingi baada ya ibada. Vijana wetu wanaosoma biolojia ya wanyama chuoni, na hata wale wa sekondari walio katika mchepuo wa sayansi, wanafundishwa mageuzi ya viumbe: kwamba wanyama wote wana undugu wa mbali, kwamba aina za viumbe hubadilika polepole kwa muda mrefu sana, na kwamba mwanadamu naye yumo katika ukoo huo. Wazazi wanatuuliza kama mtoto aendelee au abadili masomo. Vijana wenyewe wanauliza jingine, na kwa maoni yetu swali lao ndilo zito zaidi. Wanasema: "Baba Mchungaji, nikiandika katika mtihani yale aliyofundisha mwalimu, je, nimemkana Bwana?"

Swali hili si la mzaha. Nafasi ya chuo kwa mkimbizi ni adimu. Shirika la UNHCR limejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 vijana wakimbizi 15 katika kila 100 wawe katika elimu ya juu, na mpaka leo hatujafika huko. Mzazi anayemwambia mwanawe aliyepata nafasi ya kusoma biolojia aiache, anamwambia aache udaktari, uuguzi, uganga wa mifugo, kilimo na utafiti wa magonjwa. Na mchungaji anayemwambia kijana aendelee bila kumsaidia kufikiri, anamtuma vitani bila silaha. Basi tulitazame jambo hili kwa utulivu.

KINACHOFUNDISHWA NI NINI?

Kwanza tujue kinachosemwa, maana wengi tunakipinga kitu ambacho hatujakisikia. Wengi wetu tunadhani somo la mageuzi ni sentensi moja tu, kwamba mtu alitoka kwa nyani. Hivyo sivyo mwalimu anavyosema. Anasema kwamba watoto wa kiumbe hawafanani kabisa. Kwamba tofauti nyingine hurithiwa. Kwamba wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi. Na kwamba vizazi vikipita vingi, kundi zima hubadilika. Hayo ndiyo aliyoyaandika Charles Darwin mwaka 1859, na tangu hapo mengi yamegunduliwa ambayo yeye hakuyajua, hasa juu ya chembe za urithi.

Tuchukue mfano wa hapa hapa Kigali. Sisi tulio na umri wa miaka arobaini na kuendelea tunaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria ambayo kule Kongo tuliiita nivakini. Ilikuwa chungu, lakini iliponya. Baadaye ikaacha kuponya. Kiwandani haikuharibika. Ila vijidudu vichache vya malaria vilikuwa na badiliko lililovifanya visife kwa dawa. Vingine vikafa, hivyo vikabaki na kuzaana, hata vikajaa kila mahali. Ikabidi nchi zetu zihamie dawa nyingine, zile zenye artemisinini. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Aline Uwimana wa Kituo cha Rwanda cha Utafiti wa Afya na Tiba (RBC) wakatangaza kwamba katika sehemu kadhaa za Rwanda, na zaidi hapa Masaka ya Kigali, vimeonekana vijidudu vyenye badiliko linalovifanya vichelewe kuondoka mwilini mgonjwa anapotumia artemisinini. Walipochunguza urithi wa vijidudu hivyo waliona kwamba havikuletwa kutoka Asia. Badiliko hilo lilizuka huku huku kwetu.

Wapendwa, huo ni uteuzi wa asili ambao mwalimu anaufundisha, tena unatendeka karibu na nyumba zetu. Kijana wetu akikataa kuusoma, nani atakayetafuta dawa ya watoto wetu?

Mfano wa pili upo katika damu zetu. Familia nyingi za kutoka Kongo zinaijua selimundu, ile ambayo wanaozungumza Kifaransa huiita drepano. Mtoto huumwa mifupa, hupungukiwa damu, hulazwa mara kwa mara. Ugonjwa huu hurithiwa. Mtoto akipata chembe yake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, anaugua. Akiipata kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye chembe moja tu ya namna hiyo ana kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana chembe hiyo imeenea mahali ambapo malaria imekaa muda mrefu, na haikutoweka japokuwa inaua.

Tafadhali msomaji usipite hapo haraka. Ni nyumba ngapi tunazozijua ambamo mama alifukuzwa kwa kuwa watoto wake "hawakai"? Ni bibi wangapi waliitwa wachawi? Ni mtoto gani aliyefungiwa na kunyimwa chakula kwa madai ya pepo, kumbe ni damu aliyorithi kwa wazazi wote wawili? Mafundisho haya yanasema wazi kwamba wazazi wawili wenye chembe hiyo, hata kama wenyewe ni wazima kabisa, katika kila mimba wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna mchawi katika hesabu hiyo. Vijana wanaotaka kuoana wanaweza kupima damu kabla ya arusi. Kwa hiyo somo hilo tunaloliogopa lingeweza kumwondolea bibi kizee mawe mgongoni.

Mfano wa tatu ni wa samaki. Katika Ziwa Victoria wamo samaki wadogo waitwao furu. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 500 za samaki hao, wengine wakila mwani, wengine konokono, wengine mayai ya wenzao, kila mmoja na mdomo unaofaa chakula chake. Ziwa lenyewe lilikuwa limekauka yapata miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena, na aina hizo zikatokea kwa muda ambao kwa hesabu za wataalamu ni mfupi sana. Mwaka 2017 watafiti walionyesha jambo ambalo kwetu wakimbizi lina utamu wake: ukoo wa furu wa Victoria, pamoja na jamaa zao wa Ziwa Kivu na maziwa mengine ya jirani, ulianza pale samaki wa upande wa Kongo walipokutana na samaki wa upande wa Naili wakazaana. Wingi wote ule ulitoka katika mchanganyiko wa wageni na wenyeji.

HOFU YA KWANZA: BIBLIA ITAANGUKA

Tunajua hofu hii haikuanza kwetu. Mwaka 2006 huko Nairobi viongozi wa makanisa ya kiinjili, wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo, waliitaka Makumbusho ya Taifa isiyape mahali pa mbele mabaki ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, mifupa iliyogunduliwa mwaka 1984 na Mkenya Kamoya Kimeu, ambayo wataalamu wanaikadiria kuwa na umri wa miaka milioni moja na nusu hivi. Hatuwadharau ndugu hao. Walikuwa wanawaza juu ya watoto watakaopita mbele ya mifupa ile wakiambiwa kwamba wao si kitu zaidi ya hapo. Hata hivyo mifupa haiondoki kwa kuwekwa chumba cha nyuma. Na mtoto akija kuiona baadaye peke yake, atauliza kwa nini kanisa lilimficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Maandiko yenyewe hayatufundishi kuogopa wanyama. Katika 1 Wafalme 4 hekima ya Sulemani inahesabiwa pamoja na maneno yake juu ya miti, wanyama, ndege, wadudu na samaki. Katika Ayubu 39 Mungu anampa Ayubu kama mtihani wa somo la wanyama: mbuzi wa mwituni huzaa lini, mbuni analeaje mayai yake, mwewe hurukaje. Ayubu hakuweza kujibu, lakini hakukemewa kwa kuuliza.

Tena tazameni Danieli na wenzake. Walikuwa wakimbizi kama sisi, vijana waliochukuliwa kutoka kwao wakapelekwa Babeli. Mfalme akawaingiza katika chuo cha miaka mitatu ili wasome elimu na lugha ya Wakaldayo, na elimu ile ilijaa mambo ambayo nabii asingeyakubali. Danieli alikataa chakula cha mfalme, vitabu vya mfalme hakuvikataa. Mwisho wa miaka ile, alipoulizwa maswali, alionekana bora mara kumi kuliko wengine. Alijua tofauti iliyopo kati ya kitu cha kula na kitu cha kujua.

Na yule mzee wa kanisa la Afrika, Augustino wa Hippo, katika karne ya tano aliandika akifafanua kitabu cha Mwanzo na kuwaonya Wakristo wa wakati wake. Alisema kwa maana kwamba ni aibu na hatari Mkristo kusema upuuzi juu ya mambo ya mbingu na nchi, akidai anatoa Maandiko, mbele ya mtu asiyeamini lakini anayeyajua mambo hayo vizuri. Maana huyo atasema, ikiwa hawa wamekosea katika lile ninalolijua, niwaamini vipi juu ya ufufuo nisioujua? Augustino hakuwa na habari za Darwin. Alikuwa na habari za watu.

Katika kanisa letu wapo wanaoamini kwamba siku sita za Mwanzo ni siku za saa 24, na wapo wanaoona ni vipindi virefu, au ni namna ya kutangaza kwamba kila kilichopo ni cha Mungu. Hatutapiga kura juu ya hilo katika jarida hili. Sisi waandishi tunaona kwamba Mwanzo anatuambia ni nani aliyeumba na kwa nini, naye mwalimu wa biolojia anachunguza ni kwa njia gani. Lakini hata asiyekubaliana nasi katika hilo, na akubaliane nasi kwamba kijidudu cha Masaka kimebadilika, na kwamba kusema hakikubadilika ni kusema uongo. Na uongo hauwi ibada kwa kuwa umesemwa kanisani.

HOFU YA PILI: MTU AKIITWA MNYAMA, ATAISHI KINYAMA

Hii ndiyo hofu iliyo nzito. Wazazi wanasema: mwanangu akiambiwa yeye ni mnyama, atawatendea wenzake kama mnyama. Sisi tuliokimbia vita hatuwezi kuicheka hofu hiyo. Tumeona watu wakiishi kwa kanuni ya mwenye nguvu mpishe.

Twendeni kwa wanyama wenyewe. Kaskazini mwa nchi hii, katika Hifadhi ya Volkano, wako sokwe wakubwa wa milimani, ingagi kwa Kinyarwanda. Tangu Dian Fossey aanzishe kituo cha Karisoke mwaka 1967 wamechunguzwa siku kwa siku. Hesabu iliyotangazwa baada ya mwaka 2018 ilikuwa ingagi 1,063, wa milima ya Virunga na wa msitu wa Bwindi kwa pamoja, na idadi imeongezeka kuliko ilivyokuwa miaka ya 1980. Katika miaka yote hiyo wachunguzi wameona dume akiua mtoto mchanga wa dume mwingine. Lakini mwaka 2021 watafiti waliokusanya kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 walionyesha jambo lingine: ingagi mdogo aliyefiwa na mama haachwi. Wengine wa kundi humsogelea, na mara nyingi dume mkubwa hulala naye karibu, na yatima huyo anakua vizuri.

Sasa tuulize: tukitaka asili itufundishe namna ya kuishi, tumfuate ingagi yupi? Yule anayeua mtoto wa mwenzake, au yule anayemlaza yatima ubavuni? Wote wawili ni wa mlima mmoja. Biolojia inatuambia yote mawili yanatokea, na kwa sababu gani. Haituambii lipi ni jema. Hilo halimo katika kazi yake, kama vile mizani haiwezi kukuambia kama nyama uliyopimiwa ni ya wizi. Kijana anayeelewa hivyo hataweza kusema, "Niliiba kwa kuwa asili ni mashindano." Atakuwa amefeli biolojia na maadili kwa pamoja. Hata lile neno la mashindano ya wenye nguvu halieleweki vizuri. Anayebaki ni yule anayefaa mahali pake, naye mara nyingine ni dhaifu. Mkumbuke mwenye chembe moja ya selimundu: hana misuli zaidi ya wengine.

Maandiko nayo hayakatai kwamba mwili wetu ni wa udongo uleule. Katika Mwanzo 2 mwanadamu anafanywa kwa udongo, na wanyama katika sura hiyohiyo wanafanywa kwa ardhi. Mhubiri 3 anasema mtu na mnyama wana pumzi moja na hurudi mavumbini pamoja. Kwa hiyo mwalimu akisema kwamba urithi wetu na wa sokwe mtu unafanana kwa kiasi cha 98 katika 100 na zaidi, hajaivunja sura ya Mungu ndani yetu. Sura hiyo haikuwekwa katika mfupa wala katika pua. Tumeitwa kumjua Mungu, kumjibu, na kumtunza ndugu. Kaini aliulizwa juu ya ndugu yake, simba haulizwi.

Na hapa Rwanda kuna neno ambalo hatuna budi kulisema kwa heshima, sisi tuliopewa hifadhi. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Mto Naili. Humo alidai kwamba watawala wafugaji wa nchi za maziwa makuu walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka upande wa Ethiopia. Wengine wakalikuza dai hilo na kuliunganisha na jina la Hamu mwana wa Nuhu, ingawa Biblia haisemi neno lolote juu ya pua ya Hamu. Wakaja wenye vifaa vya kupima fuvu, urefu na pua, wakaandika kwamba huyu amezaliwa kutawala na yule amezaliwa kulima. Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji ukagawa vitambulisho vyenye kabila la mtu. Mafundisho hayo yakafundishwa shuleni, zikiwemo shule za misheni. Kisha wengine wakayageuza wakasema kwamba aliyetoka mbali arudishwe mbali. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho kile kilitazamwa kwenye vizuizi, na redio ikawaita watu majina ya wadudu na nyoka.

Tufikirie jambo hili kwa makini. Waliowaita watu mende hawakulitoa neno hilo katika somo la mageuzi. Wengi walikuwa wamebatizwa, na kule Nyamata na Ntarama watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Katika makumbusho ya Gisozi hapa Kigali wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kilichofundishwa kabla ya hayo kilijiita sayansi na kikajiita Biblia, lakini hakikuwa hii wala hii. Sayansi ya urithi ya leo inasema kinyume chake kabisa. Watu wawili wowote duniani wanafanana katika urithi wao kwa kiasi cha 999 katika 1,000. Tofauti iliyobaki, sehemu kubwa yake iko ndani ya kila kundi, kati ya jirani na jirani, wala si kati ya kundi na kundi. Na wanadamu wote wanatoka Afrika.

Sisi tuliotoka Kongo tunajua maana ya kusimamishwa njiani na mtu akautazama uso wako ili aamue wewe ni wa wapi. Hiyo si habari ya zamani kwetu. Basi tunauliza: kijana wetu atamjibuje anayesema kwamba pua inaonyesha moyo? Kwa kutojua? Ujinga ndio uliolilisha neno hilo tangu mwanzo. Tunataka awepo kijana wa kanisa anayeweza kusimama na kusema, "Nimelisoma jambo hili chuoni, na unalosema ni uongo," kisha aongeze, "Na hata kama tungekuwa tofauti, Mungu asingekuruhusu uniue." Anahitaji maneno yote mawili. La kwanza analipata darasani, la pili analipata kwetu. Tukimnyima moja tumempa mguu mmoja.

SWALI AMBALO HATUWEZI KULIMALIZA

Hatutaki mtu aseme kwamba tumeyarahisisha mambo. Liko swali gumu kweli. Ikiwa viumbe walifikia walivyo kwa njia ya wengi kufa na wachache kubaki, kwa nini Mungu mwema aliruhusu njia yenye vifo vingi namna hiyo? Na tusomeje maneno ya Paulo katika Warumi 5 juu ya dhambi na mauti? Wako wanaosema Paulo alinena juu ya mauti ya mwanadamu mbele za Mungu, wala si juu ya kufa kwa panzi. Jibu hilo linasaidia, lakini halimalizi. Zaburi ya 104 inawaona wana-simba wakingurumia mawindo kama wanaomwomba Mungu chakula chao, wala mwimbaji haoni haya. Ayubu aliambiwa habari za mbuni asiyejali vifaranga vyake, na hakupewa maelezo.

Lakini semeni kweli, wapendwa: je, swali hili tumeletewa na Darwin? Mama aliyemzika mtoto njiani akikimbia, alilijua kabla ya kuingia darasa lolote. Imani yetu haikusimama kwa sababu hatujawahi kuona vifo vya bure. Imesimama ingawa tumeviona. Kijana anayelikuta swali hili katika kitabu cha biolojia, na aje aketi na wazee waliolikuta barabarani. Hatakuta jibu lililo tayari, ila atakuta watu wanaoendelea kuomba.

VINYWA VIWILI

Sasa turudi kwa swali la mtihani. Wengine wamewashauri vijana hivi: "Andika anachotaka mwalimu upate alama, moyoni ubaki na lako." Ushauri huu unaonekana wa hekima. Sisi tunauogopa kuliko mageuzi yenyewe.

Sisi wakimbizi tunaijua sana desturi ya kujibu kile ambacho mwenye kalamu anataka kusikia. Tumesimama mbele ya madirisha mengi. Tumejifunza kwamba habari ya maisha yetu ikisemwa hivi tunapata karatasi, ikisemwa vile hatupati. Hatusemi hili kwa kuwahukumu walio katika shida. Lakini tunajua desturi hiyo inavyomla mtu. Mwisho hajui tena habari yake ya kweli ni ipi. Je, tumfundishe kijana desturi hiyohiyo katika mambo ya Mungu? Awe na kinywa kimoja darasani na kingine kanisani? Kijana wa namna hiyo hatapoteza imani kwa sababu ya Darwin. Ataipoteza kwa sababu amezoea kusema asichokiamini pande zote mbili.

Kwa hiyo, kijana, jibu letu ni hili. Mtihani wa biolojia hauulizi kama unampenda Yesu. Unauliza kama umeelewa ushahidi na jinsi wanasayansi wanavyoufafanua. Jibu hilo kikamilifu na kwa usahihi, kama ambavyo ungeeleza kwa haki maneno ya jirani yako mbele ya wazee hata kama hukubaliani naye. Hakuna kumkana Bwana hapo. Ila usiishie hapo. Soma mpaka ujue ni nini wewe mwenyewe unakiona kuwa kweli, na hilo ulilolijua uwe tayari kulisema kwa maneno yaleyale mbele ya profesa na mbele ya mchungaji. Unapokuwa bado hujui, sema "bado sijajua" pande zote mbili. Profesa akitoka katika biolojia na kusema sayansi imethibitisha kwamba hakuna Mungu, muulize kwa adabu ni kipimo gani kilichotumika. Na mchungaji akisema kwamba hakuna kiumbe kinachobadilika, mweleze kwa adabu habari za Masaka.

Kwenu wazazi: msimwondoe mtoto katika somo kwa sababu ya neno moja mlilolisikia. Mwambieni awaeleze anachosoma. Mtashangaa mtakavyofurahi kusikia habari za furu na ingagi.

Kwetu sisi wachungaji na wazee wa kanisa: kijana anapouliza, tusimkemee mbele ya watu. Akiogopa kutuuliza sisi, atawauliza wengine. Na tusimlazimishe achague kati ya kanisa na kweli aliyoiona kwa darubini, maana siku hiyo huenda akachagua darubini, na lawama itakuwa yetu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani:

1. Someni Danieli 1. Kwa nini Danieli alikataa chakula lakini hakukataa masomo?

2. Ni majina gani ya wanyama ambayo sisi wenyewe tumewahi kuwaita watu wa kabila lingine? Tunayaacha lini?

3. Je, katika kanisa letu kijana anaweza kusema "sijui" bila kuhukumiwa?

Mungu awabariki wote, na awape vijana wetu akili safi na kinywa kimoja. Amina.